Joto la Vifaranga

1. Vifaranga 11

Itebero ni kijiji katika msitu mkubwa wa Walikale, jimbo la Kivu ya Kaskazini. Kiko kando ya barabara itokayo Bukavu kwenda Walikale na Kisangani. Nchi ya Itebero ni nchi ya joto na mvua nyingi. Miti ni mirefu, hewa ina unyevu, na nguo zilizofuliwa hukawia kukauka.

Hapo alikaa msichana mmoja wa darasa la tano, pamoja na koko yake, mama wa baba yake. Koko alikuwa na mama kuku mwekundu aliyelalia mayai 12. Siku ya 21 vifaranga 11 wakatoka. Yai moja lilikuwa bovu.

Koko akamwambia msichana: "Mjukuu wangu, hawa ni wako. Wakikua tutauza majogoo, nawe utapata daftari, kalamu, na kitambaa cha sare ya shule. Lakini uwatunze vema."

Msichana akafurahi sana. Sare yake ya zamani ilikuwa imepasuka mabegani, na mwaka mpya wa masomo ulikuwa karibu kuanza.

Siku ya tatu koko akaenda kuvuna mpunga. Shamba lake lilikuwa mbali, ng'ambo ya mto, na wavunaji hulala huko siku kadhaa. Nyumbani akabaki msichana na shangazi yake, aliyeolewa huko Masisi na ambaye alikuwa amekuja kuwasalimu.

Kesho yake mama kuku akavuka barabara kutafuta chakula. Gari la mizigo likaja kwa mbio, likamkanyaga. Vifaranga walitawanyika majanini wakilia. Msichana aliwakusanya mmoja mmoja katika kitunga. Walikuwa wote 11, lakini sasa hawakuwa na mama.

2. Kosa la mchana

Shangazi alisema: "Usilie, mtoto wangu. Kwetu Masisi tunajua kulea vifaranga yatima. Adui yao ni baridi. Watie katika sanduku, uwafunike kwa blanketi, uweke ndani chungu cha maji ya moto. Usiwafunue."

Msichana akafanya hivyo. Aliweka sanduku jikoni, chini ya mabati, akatia chungu cha maji ya moto, akafunika kwa blanketi zito. Alitia pia kisahani kidogo cha maji ya kunywa. Kisha akaenda shuleni.

Siku ile jua lilikuwa kali. Mabati yakapata moto, na jikoni kukawa kama ndani ya tanuru. Saa saba msichana akarudi, akafunua blanketi. Akaona jambo la kuhuzunisha. Vifaranga walikuwa wamejibana pembeni, mbali na chungu. Walikuwa wamefungua midomo na kutanua mabawa, wakihema upesi upesi. Hawakulia hata kidogo. Kisahani kilikuwa kikavu. Vifaranga wawili walikuwa wamekufa.

Msichana akawapelekea wengine maji na kuwatoa nje kivulini. Polepole wakapata nguvu.

3. Kosa la usiku

Jioni msichana alifikiri hivi: "Joto limeua vifaranga wangu. Basi sasa sitawapa joto tena. Nitawaweka mahali penye upepo."

Akaliweka sanduku barazani, bila blanketi wala chungu. Aliona kwamba mahali hapo panafaa, maana jioni hewa ilikuwa nzuri. Akalala.

Usiku wa manane mvua kubwa ikanyesha. Upepo ukapuliza barazani, na matone yakaingia sandukuni. Vifaranga wakalia sana, lakini kelele za mvua juu ya mabati zilikuwa kubwa zaidi, na watu wa nyumbani hawakuwasikia.

Asubuhi msichana aliwakuta wote katika pembe moja, wamerundikana kama mafungu ya mihogo kitungani. Wale wa juu walikuwa hai. Chini yao walikuwa watatu waliokufa kwa baridi na kwa kukosa pumzi.

Wakabaki 6.

Msichana akakaa chini, akalia. Shangazi naye hakujua la kusema. Walipowafunika, vifaranga wakafa. Walipowafunua, wakafa pia.

4. Koko arudi

Siku ile ile koko akarudi, amebeba kitunga cha mpunga mgongoni, na kamba yake imepita juu ya paji la uso. Akatua mzigo, akasikiliza habari yote bila kukasirika.

Shangazi akasema: "Mama, kosa ni langu. Mimi ndiye niliyemwambia awafunike."

Koko akajibu: "Mwanangu, maneno yako ni ya kweli huko Masisi. Kule ni milimani, na mchana watu huvaa makoti. Lakini blanketi la Masisi si blanketi la Itebero."

Kisha akamgeukia msichana. "Nawe, mjukuu wangu, ulimwuliza shangazi. Ni vema kuwauliza wakubwa. Ila yuko mwingine uliyemsahau. Hukuwauliza vifaranga wenyewe."

"Koko, vifaranga hawajui kusema."

"Wanajua. Keti hapa pamoja nami, tuwatazame."

Koko alichukua sanduku refu, akatandika makapi makavu ya mpunga. Upande mmoja aliweka chungu kidogo cha maji ya moto kilichofungwa kwa kitambaa. Upande wa pili hakuweka joto lolote. Akatia vifaranga 6 katikati, wakaanza kutazama.

Kwanza vifaranga wakakimbilia chungu, wakajibana juu yake, wakilia "pii, pii, pii" kwa sauti kubwa. Koko akasema: "Unasikia? Wanasema, Tunaona baridi."

Baada ya muda wakaacha kulia. Wengine wakalala karibu na chungu, wamenyoosha shingo. Wengine wakadonoa unga. Walikuwa wametawanyika, kila mmoja mahali pake, na sauti zao zilikuwa ndogo na za raha. "Sasa wanasema, Joto hili latutosha."

Ilipofika adhuhuri mabati yakapata moto tena. Vifaranga wakahama wote kwenda upande usio na chungu. Wawili wakafungua midomo. "Sasa wanasemaje?" koko akauliza.

"Wanasema, Joto limezidi," msichana akajibu.

"Basi fanya wanayotaka."

Msichana akaondoa chungu, akalipeleka sanduku chini ya mwembe, akaongeza maji. Kabla ya muda mrefu vifaranga wakafunga midomo yao, wakaanza kula.

5. Kwa sababu gani kifaranga hudhurika upesi?

Kuku mzima ana manyoya mengi. Manyoya huzuia joto la mwili lisitoke. Mwili wake una joto la nyuzi 41 au 42, kupita mwili wa mtu, ambao una nyuzi 37. Lakini kifaranga mchanga hana manyoya ya kweli. Ana nywele laini tu, kama pamba. Zikilowa, hazimsaidii kitu. Tena mwili wake ni mdogo, nao hupoteza joto upesi, kama vile kikombe cha chai kinavyopoa kabla ya sufuria.

Kwa hiyo kifaranga akiona baridi hawezi kujipasha moto mwenyewe. Hutafuta mama yake. Akimkosa, hujibana na ndugu zake, na walio chini hukosa pumzi.

Katika joto pia ana taabu. Mtu akiona joto hutoka jasho, na jasho likikauka ngozi hupoa. Kuku hana jasho. Njia yake ni kufungua mdomo na kuhema, ili unyevu utoke na pumzi. Hutanua pia mabawa, ili upepo upite chini yake. Lakini kwa kuhema hupoteza maji mengi. Akikosa maji ya kunywa, hufa.

Hapo ndipo ilipo hatari ya nchi kama Itebero. Hewa ya msituni imejaa unyevu. Kama vile nguo hazikauki upesi kambani, ndivyo na pumzi ya kifaranga isivyokauka upesi. Kuhema humsaidia kidogo tu. Kwa sababu hiyo vifaranga wa msituni wahitaji kivuli, maji na hewa ipitayo, zaidi ya wale wa milimani.

Masisi ni mbali na hali hiyo. Kila mtu apandapo mlima mita 1000, joto la hewa hupungua karibu nyuzi 6. Vilima vingi vya Masisi vimepita mita 2000. Ndiyo sababu shangazi alizoea kufunika, na mazoea yake yalikuwa mema mahali pake.

6. Joto la kila juma

Wafugaji wamepima joto linalowafaa vifaranga. Nalo ni hili:

Juma la 1: nyuzi 32 hadi 35.
Juma la 2: nyuzi 29 hadi 32.
Juma la 3: nyuzi 26 hadi 29.
Juma la 4: nyuzi 23 hadi 26.

Kila juma joto hupunguzwa karibu nyuzi 3, kwa sababu manyoya yanaota. Katika juma la 5 au la 6 manyoya yameenea, na kifaranga aweza kuishi bila joto la kumsaidia, maadamu ni mkavu na halali penye upepo wa baridi.

Sasa tazama hesabu hii. Katika nchi za chini za Walikale hewa ya mchana yaweza kufika nyuzi 30. Kifaranga wa juma la 1 amepungukiwa nyuzi chache tu, na kifaranga wa juma la 3 hapungukiwi na kitu. Akiongezewa joto, anapikwa. Lakini usiku hewa yaweza kushuka hadi nyuzi 20. Hapo kifaranga wa juma la 1 amepungukiwa na nyuzi 12 au zaidi. Basi joto la mchana lisikudanganye juu ya usiku. Kifaranga yule yule, katika siku moja, ahitaji kivuli saa saba ya mchana na chungu cha moto saa saba ya usiku.

7. Kupima bila kipimo

Msichana aliposikia habari za nyuzi, alitaka kuazima kipimajoto cha zahanati. Mwuguzi akamwambia: "Kipimo hiki ni cha homa za watu. Huanza nyuzi 35. Hakiwezi kukuonyesha 30 wala 25. Tena ndani yake mna zebaki, nayo ni sumu kikivunjika."

Je, mtu asiye na kipimo afanyeje? Tangu zamani watu wamejua njia. Katika nchi ya Misri walijenga matanuru ya udongo ya kuangulia mayai, maelfu kwa mara moja, bila mama kuku. Walinzi wa matanuru hawakuwa na kipimajoto. Walichukua yai na kuligusisha kwenye kope la jicho, kwa maana ngozi ya hapo ni nyembamba, nayo hutambua joto kidogo likizidi au likipungua. Kwa njia hiyo waliangua vifaranga wengi sana, na kazi hiyo walirithishana baba na mwana.

Anayelea vifaranga ana kipimo kilicho rahisi zaidi, nacho ni vifaranga wenyewe:

Wakijibana penye joto na kulia kwa nguvu, wanaona baridi.
Wakikimbia joto, wakifungua midomo na kunyamaza, wanaona joto mno.
Wakijibana wote upande mmoja tu, na chungu kiko upande mwingine, huenda upepo unaingia kwenye tundu. Lizibe.
Wakitawanyika, wakila na kulala kwa raha, joto ni sawa.

8. Sanduku linalofaa

Sanduku liwe refu, lenye upande wa joto na upande wa baridi. Hivyo kifaranga huchagua mwenyewe, kama anavyofanya chini ya mama yake: akiona baridi huingia chini ya mabawa, akiona joto hutoka. Sanduku dogo lililofunikwa lote halimpi nafasi ya kuchagua. Ndilo kosa kubwa la siku ile ya kwanza.

Juu pafunikwe kwa wavu au fito za mianzi, ili mwewe na paka wasiingie na hewa ipite. Mchana usifunike kwa blanketi. Usiku, mvua ikinyesha, funika upande wa chungu tu kwa kitambaa chepesi.

Mchana sanduku likae kivulini, chini ya mti au chini ya paa la majani. Paa la majani halipati moto kama mabati. Kama paa ni la mabati, tandaza juu yake majani ya migomba. Usisahau kwamba kivuli huhama. Mahali palipo na kivuli saa tatu, huenda pakawa na jua saa saba.

Maji yawe safi na ya baridi, katika chombo kisicho na kina. Tia ndani vijiwe safi, kifaranga asitumbukie na kulowa. Siku ya jua kali badili maji mara nyingi. Chombo kimoja kisitoshe ukaenda shuleni, weka viwili.

Matandiko yawe makavu. Makapi ya mpunga yaliyolowa huleta ugonjwa wa kuhara damu, unaoua vifaranga wengi.

Usiku fungia chungu cha maji ya moto kwa kitambaa, kifaranga asiungue. Kipoapo, badili maji. Msichana na koko walipeana zamu: msichana alibadili kabla ya kulala, koko alibadili usiku wa manane alipoamka kuchochea moto.

Tena liko neno la kukumbuka sana. Wengine hutia jiko la makaa katika chumba kilichofungwa, ili kuwapasha vifaranga moto. Jambo hilo ni la hatari kubwa. Makaa yawakayo hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Hewa hiyo huua vifaranga, na huua pia watu waliolala humo. Usilale kamwe katika chumba kilichofungwa chenye makaa ya moto.

9. Vifaranga 6

Tangu siku ile msichana alitazama sanduku kila asubuhi kabla ya shule, kila saa saba aliporudi, na kila jioni. Mchana aliondoa chungu. Usiku alikirudisha. Katika juma la 3 hakukitumia tena mchana wala jioni, ila usiku wa mvua tu. Katika juma la 6 vifaranga walilala bandani kama kuku wengine.

Wote 6 walikua. Wanne walikuwa matetea, wawili majogoo. Baada ya miezi 6 koko akauza majogoo wawili. Fedha zikatosha daftari na kalamu, lakini hazikutosha kitambaa cha sare. Kama wale watano wangalikuwa hai, labda zingalitosha. Mwaka ule msichana alikwenda shuleni na sare yake ya zamani, imeshonwa mabegani kwa uzi mweusi.

Lakini matetea wanne waliendelea kutaga. Tetea mmoja akalalia mayai 10. Siku ya 21 vifaranga 9 wakatoka. Shangazi alipopata habari, alituma neno kutoka Masisi, akiuliza: "Je, umewafunika?"

Msichana akajibu: "Shangazi, bado nawatazama."

Maana ya maneno

Kulalia mayai: kukaa juu ya mayai na kuyapa joto mpaka vifaranga watoke.
Tetea: kuku jike aliyekua, hasa anayetaka kutaga au anayetaga.
Kuhema: kuvuta na kutoa pumzi upesi upesi.
Makapi ya mpunga: maganda yabakiayo mpunga ukitwangwa.
Zebaki: madini meupe yanayotiririka kama maji.

Maswali

1. Mama kuku alikufaje?
2. Kwa nini vifaranga wawili walikufa mchana, na watatu usiku?
3. Kwa nini shauri la shangazi lilifaa Masisi, lisifae Itebero?
4. Kuku hutoa joto la mwili kwa njia gani, maadamu hana jasho?
5. Usiku hewa ina nyuzi 20. Kifaranga wa juma la 1 ahitaji nyuzi 33. Amepungukiwa na nyuzi ngapi?
6. Vifaranga wamejibana wote upande wa mbali na chungu, midomo wazi. Utafanya mambo gani, na lipi kwanza?
7. Hatari ya makaa katika chumba kilichofungwa ni nini?

Kazi

Tafuta mama kuku mwenye vifaranga hapo kijijini. Mtazame asubuhi, saa saba na jioni. Kila mara hesabu vifaranga walio chini ya mabawa na walio nje. Andika hesabu hizo katika daftari, pamoja na hali ya hewa: jua, mawingu au mvua. Baada ya siku 5, mweleze mwalimu ulilojifunza.